Land Cruiser ya dizeli iliyozeeka: kusoma dalili kabla ya kununua spea

Mwongozo huu unahusu Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 isiyo na taabo (turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), iliyoanza kufungwa kwenye magari haya mwaka 1990. Nchini Uganda yapo kila upande: yamebeba wauguzi na dawa katika barabara za Karamoja, yamepeleka vifaa vya miradi hadi Arua na Moyo, kisha yakauzwa kwenye minada na kuishia katika nyua za watu binafsi yakiwa na kilomita ambazo hakuna anayeweza kuziapia. Mengi ya yatakayosemwa hapa yanafaa pia kwa dizeli nyingine za umri huo ambazo pampu zake haziendeshwi na kompyuta, ila vipimo vya namba vihakikishwe katika kitabu cha injini husika.

Gari lisilo na kompyuta hujieleza kwa moshi, kwa sauti, kwa joto na kwa saa ambayo ugonjwa wake unachagua kujitokeza. Ugumu ni kwamba dalili moja huwa na vyanzo vingi, na mara nyingi chanzo cha bei ghali ndicho kinachotajwa kwanza. Injini ikisumbua kuwaka asubuhi, fundi hufungua boneti, husikiliza kidogo na kusema, "Mzee, pampu hii imekwisha," na mwenye gari huanza kutafuta fedha za pampu ilhali kuna kipande cha mpira kinachoingiza hewa. Kwa maoni yangu, katika injini ya umri huu, pampu, nozeli (zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda) na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) zisishtakiwe mpaka mambo manne yawe yameondolewa shaka: hewa ndani ya mafuta, maji na uchafu ndani ya mafuta, ethi (waya unaounganisha hasi ya betri na injini) iliyolegea, na vumbi lililopenya chujio. Utaratibu unaofuata umejengwa juu ya hayo.

Kuhusu usalama nitasema machache. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo ya mti mgumu chini ya ekseli, kwenye ardhi iliyoshindiliwa, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe pande zote mbili. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa starta au oltaneta. Usifungue kofia ya rejeta yenye joto, na usiweke kidole mbele ya nozeli au paipu ya shinikizo injini inapozunguka, kwa sababu dizeli ya shinikizo kubwa hutoboa ngozi na jeraha lake huhitaji hospitali siku hiyohiyo hata likionekana dogo.

Starta haizunguki, au inazunguka kwa uvivu

Anza na betri, kwa mita na si kwa kubahatisha. Betri nzuri iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 au karibu na hapo, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha chaji, na majaribio mengine yote hayatakuwa na maana mpaka ichajiwe. Kama gari liliagizwa likiwa limetumika Japani na lina betri mbili, hakikisha kwanza kama mfumo wa starta ni wa volti 12 au 24, maana baadhi ya magari hayo ni ya volti 24 na spea zake haziingiliani.

Betri ikiwa salama, pima ethi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani kwenye risasi yenyewe na si kwenye kibano, na ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu mtu mwingine apige starta. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani: kibano kimeota unga mweupe, waya umeliwa ndani ya ganda lake, au boliti inayoushikilia kwenye injini imekaa juu ya kutu na rangi. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga tena. Gari lililovuka mito na kulala nje misimu mingi ya mvua halikosi kasoro ya aina hii.

Dalili inayojulikana zaidi katika Toyota hizi ni ile ya kugeuza ufunguo na kusikia "tak" moja tu, bila starta kuzunguka. Ukirudia mara kadhaa, ghafla inazunguka kama kawaida. Hiyo mara nyingi si starta iliyokufa. Ndani ya kichwa chake, nyuma ya kifuniko kidogo cha mviringo, kuna vipande viwili vya shaba ambavyo huunganishwa na kipande cha tatu kinachosukumwa na sumaku, na kila starta inapopigwa cheche hula shaba hiyo kidogokidogo. Ukikifungua kifuniko hicho utaona jambo lenyewe kwa macho: kipande kimoja kimechimbika upande mmoja mpaka kimekuwa chembamba, uso wake mweusi wenye vishimo, wakati kile cha pili kinaweza kuwa bado kina unene wake wa awali. Vipande hivyo huuzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko starta. Vibadilishwe vyote viwili pamoja na kile kinachosogea, na kabla ya kufunga hakikisha viko katika kimo kimoja. Kimoja kikizidi, mguso utakuwa wa upande mmoja na dalili itarudi mapema.

Starta inazunguka vizuri lakini injini haishiki

Dizeli inahitaji vitu vitatu tu ili iwake: hewa iliyobanwa hadi ikapata joto, mafuta yaliyofika kwa wakati wake, na, asubuhi ya baridi, msaada wa hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha moto silinda. Kwa Kampala au Gulu hita plagi mbovu inaweza isijulikane kwa miaka, kisha gari likalala Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwenye gari akashangaa kwa nini halikuwaka alfajiri. Kuzipima ni rahisi: ondoa bamba la shaba linaloziunganisha, kisha pima ukinzani wa kila moja kati ya ncha yake na injini. Nzima husoma chini sana, karibu na omu moja au pungufu. Iliyokatika haisomi chochote. Kabla ya kununua mpya, soma volti iliyoandikwa kwenye ya zamani, kwa sababu zipo za volti tofauti na zisizolingana na mfumo huungua haraka.

Kabla ya hapo, sikiliza pampu. Ukigeuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga starta, solenoidi ya kukata mafuta iliyo nyuma ya pampu inapaswa kutoa mlio mdogo. Ikiwa kimya, pima kama waya wake unapata umeme. Kama haupati, tatizo ni fyuzi, rilei au waya, na kama unapata, solenoidi yenyewe ndiyo iliyogoma. Mafuta hayawezi kupita ikiwa imefunga, hata injini ikizungushwa mpaka betri iishe.

Sasa hewa, ambayo ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Katika injini hii pampu huvuta dizeli kutoka kwenye tanki kupitia paipu ndefu chini ya bodi, na kwa kuwa ni mvuto, tundu dogo katika paipu hiyo halivujishi mafuta nje bali huingiza hewa ndani. Ndiyo maana watu hutafuta alama ya unyevu, hawaioni, na kuhitimisha kwamba paipu ni nzima. Dalili zake ni hizi: gari likilala usiku linahitaji starta ndefu asubuhi, linawaka kwa kuyumba na moshi mweupe, kisha baada ya muda mfupi linatulia na siku nzima haliletei mtu shida. Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote. Usiku mmoja egesha gari likiwa limeelekeza pua juu ya mwinuko, usiku mwingine liegeshe pua ikiwa chini kuliko tanki. Likisumbua siku ya kwanza na kuwaka bila tabu siku ya pili, dizeli inarudi kwenye tanki kwa uzito wake na nafasi yake inachukuliwa na hewa, na hakuna pampu mpya itakayotibu hali hiyo.

Jaribio la pili linatenga eneo. Chukua jerikeni safi yenye dizeli uliyoichuja, iweke juu ya kiwango cha injini, kwa mfano kwenye meza, na uunganishe mpira mpya kutoka kwenye jerikeni hadi kwenye mlango wa kuingilia chujio, huku ule unaotoka kwenye tanki ukiwa umezibwa. Toa hewa, washa, uliache lilale hivyo. Likiwaka vizuri asubuhi, kosa liko kati ya tanki na chujio: mipira iliyopasuka kwenye maungio, paipu ya chuma iliyoliwa na kutu pale inapopita kwenye fremu chini ya matope, au, kwa magari yenye matanki mawili, vali ya kubadilisha tanki. Likiendelea kusumbua, chunguza chujio lenyewe. Kuna pampu ya mkono juu yake, ile unayoibonyeza kujaza mafuta, na ndani yake kuna utando wa mpira ambao hukakamaa na kupasuka kwa umri. Nimeona watu wakibadilisha chujio mara kwa mara huku utando huo ukiendelea kunyonya hewa juu yake.

Kutoa hewa si kazi ngumu. Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe nzito. Kama injini bado haishiki, legeza nati za paipu za shinikizo upande wa nozeli, moja baada ya nyingine, piga starta kwa vipindi vifupi mpaka dizeli isiyo na povu itoke, kisha kaza. Iachie starta ipoe kati ya vipindi.

Kuhusu maji na uchafu, legeza kizibo cha chini ya chujio na umwagie mafuta ya mwanzo ndani ya chupa ya kioo, uiache itulie usiku kucha. Maji yatakaa chini yakiwa na mstari ulio wazi kabisa, na tope jeusi litalala juu ya mstari huo. Mafuta ya taa yaliyochanganywa kwenye dizeli hayaonekani kwa njia hiyo, nayo ni mabaya zaidi, kwa sababu pampu ya aina hii haina oili yake bali hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulainishaji wa kutosha. Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi wa malori. Dizeli ya jerikeni inayouzwa kando ya barabara iwe ya dharura tu, na iingie kwenye tanki kupitia kitambaa.

Inawaka lakini haina nguvu, au inatoa moshi

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalia chujio cha hewa kabla ya kitu kingine chochote. Kumbuka pia kwamba kwenye kimo cha mita 2,000 hewa ina takriban asilimia 80 tu ya uzito iliyo nao usawa wa bahari, hivyo injini isiyo na taabo ikipanda kuelekea Kisoro na mzigo itafuka kidogo na kukosa nguvu bila kuwa mgonjwa. Kama moshi unaonekana hata kwenye barabara tambarare na chujio ni jipya, nozeli zipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kuzipima shinikizo na mnyunyizo. Nyumbani hazipimiki kwa uaminifu.

Hata hivyo silinda yenye kasoro inapatikana nyumbani. Injini ikiwa na moto na inanguruma taratibu, vaa miwani na ulegeze nati ya paipu ya nozeli ya kwanza kwa robo mzunguko. Sauti ikibadilika na injini ikatetemeka, silinda hiyo inafanya kazi. Kaza, nenda kwenye inayofuata. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo iliyolala. Hapo utajua kama ni nozeli kwa kuihamishia silinda nyingine: kasoro ikihama nayo, ni nozeli, ikibaki, ni mgandamizo au vali.

Moshi mweupe unaouma macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua, nao hutokana na hewa ndani ya mafuta, hita plagi au pampu kutoa mafuta kwa wakati usiofaa. Moshi mweupe usiouma, unaoendelea injini ikiwa na joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni mvuke, na shauri lake liko kwenye sehemu ya kuchemsha hapa chini. Moshi wa bluu ni oili. Ukitokea unapokanyaga tena mafuta baada ya mteremko mrefu, sili za vali zimechoka, na gari linaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu mradi oili ikaguliwe. Ukitokea muda wote unapovuta mzigo, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili unaona hewa ikipuma kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha.

Ringi za magari ya huku mara nyingi huuawa na vumbi, wala si kilomita. Vua mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio cha hewa kwenda injini, funga kidole chako kwa kitambaa cheupe na upanguse ndani yake. Kitambaa kikitoka na unga mwekundu, vumbi linapita, na unapaswa kukagua mkao wa chujio, sili yake, kila kibano na kila ungio la bomba la hewa linalopanda kando ya kioo. Bomba hilo watu huliamini kwa sababu linaonekana imara, kumbe ungio lake ndani ya ubavu wa bodi limeachia zamani. Usipulize chujio la karatasi kwa kompresa kutoka nje kuelekea ndani, na usilioshe.

Injini inachemsha

Swali la kwanza ni inachemsha lini. Ikichemsha kwenye mlima au matope, gari likienda polepole, na ikapoa ukifika barabara ya wazi, upepo ndio unaokosekana. Ikichemsha kwa mwendo mkubwa kwenye lami, maji hayapiti vya kutosha ndani ya rejeta. Ikichemsha popote, hata muda mfupi baada ya kuwashwa, ama maji hayamo ama gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Kwa kesi ya upepo, ondoa kwanza mbegu za nyasi na udongo uliokauka kati ya mapezi ya rejeta, na kama gari lina kiyoyozi chunguza nafasi iliyo kati ya kondensa na rejeta, ambako takataka hujificha. Osha kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Kisha feni: injini ikiwa na joto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kukuzuia kidogo. Ikizunguka kwa uhuru mizunguko kadhaa, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yake yametoka. Yanaweza kujazwa upya, tofauti na wanavyodhani wengi wanaoifunga feni kwa boliti izunguke muda wote.

Kwa kesi ya maji, injini ikiwa na joto la kawaida pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kugusa feni inayozunguka; sehemu zilizo baridi ni njia zilizoziba. Maji ya rangi ya chai yanaeleza kuwa gari limeishi kwa maji ya kisima pasipo kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu inazuia kutu na pia inapandisha kiwango cha kuchemka, jambo ambalo huku lina uzito wake: Kampala, kwa kimo chake cha mita 1,200 hivi, maji matupu huchemka karibu nyuzijoto 96, na Kabale karibu 93. Ndiyo maana kofia ya rejeta isiyobana tena, ambayo kazi yake ni kushikilia shinikizo, inatosha peke yake kuichemsha injini isiyo na kasoro nyingine.

Themostati, vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, isitolewe. Desturi ya kuiondoa na kuitupa imeenea sana katika gereji zetu, na hoja ni kwamba maji yatapita kwa uhuru. Lakini themostati ya injini hii ikifunguka huziba wakati huohuo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Ipime ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzijoto zilizochongwa juu yake. Isipofunguka, nunua nyingine.

Iliyobaki ni silinda hedi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza rejeta hadi juu, iwashe kofia ikiwa wazi, utazame. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Ishara nyingine ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu kama umejazwa upepo dakika chache baada ya kuwasha, kabla hata maji hayajapata moto. Inaweza kuwa gasketi, inaweza kuwa ufa kati ya vali, ambao si ajabu katika hedi ya injini iliyochemshwa vibaya siku za nyuma. Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapokomea kwa watu wengi. Hedi ikishatolewa, ipelekwe kupimwa shinikizo na unyoofu kabla ya kufungwa na gasketi mpya, la sivyo utaifanya kazi hiyo mara mbili.

Ukiwa mbele ya injini, uliza habari za mkanda wa taimingi unaozungusha kemshafti. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika pistoni hugonga vali. Kama historia haijulikani, ubadilishe pamoja na roleta yake.

Usukani unatetemeka, ekseli ya mbele inalia

Mtetemo mkali unaoanza gari likigonga shimo kwa mwendo wa kati na kukoma tu unapopunguza mwendo hulaumiwa kwenye shoki ya usukani, lakini shoki hiyo mara nyingi huficha tu ulegevu ulio mahali pengine. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki chini ya ekseli. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na utikise tena: mchezo ukipotea, beringi za gurudumu zimelegea, ukibaki, ni beringi za nakoo, zile mbili ndogo za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia. Kisha lishike kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo ni wa tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu kwenye usukani. Magari ya tangu 1999, yenye springi za koili mbele, yana pia fimbo ya kuzuia ekseli isiyumbe pembeni, na bushi zake zikaguliwe.

Mpira wa chuma unaong'aa nyuma ya gurudumu unapaswa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Ukiona oili nyepesi ikichirizika juu yake na kudondoka kwenye tairi, sili ya ndani ya ekseli imepasuka na oili ya difu (sanduku la gia la katikati ya ekseli) inaosha grisi ya joint, ungio lililo ndani ya mpira huo wa chuma linalozungusha gurudumu. Usiridhike kwa kuongeza grisi. Difu inapungua oili upande mmoja, na joint inalainishwa na mchanganyiko usiofaa upande mwingine. Baadaye utasikia "taka-taka-taka" unapokata kona usukani ukiwa mwisho, na hapo gharama ni ya kifaa cha chuma badala ya sili. Kazi ya kubadilisha sili ni chafu lakini inafanyika uani kwa siku moja ya utulivu. Unapofungua, shimu (vibati vya kupimia nafasi) nyembamba za juu na za chini ziwekwe mbali mbali na kurudishwa kila moja mahali pake, kwa sababu ndizo zinazoweka ubanaji wa beringi na kuweka ekseli katikati ya sili.

Mlio wa "kngg" unapoachia klachi au kubadili mwelekeo ni krosi za propela, yaani maungio ya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Zitie grisi mpaka ya zamani itoke pande zote nne. Upande usiotoa umeziba au umekauka.

Magurudumu ya mbele hayavuti

Hakikisha habu zote mbili (vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele) zimegeuzwa hadi LOCK, si moja. Habu iliyokwama kwa kawaida imejazwa grisi nyingi iliyoganda: ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, ipake kidogo tu. Kama lever ya gia ya magurudumu manne inakataa kutoka baada ya kupita kwenye ardhi kavu, mfumo umejikaza. Rudisha gari nyuma kwa mstari ulionyooka mita chache nayo itaachia.

Breki

Kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ishikilie, kisha washa. Inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, chunguza mpira wa vakyumu na pampu yake, kwa sababu injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha wa kuiendesha busta, kifaa kinachosaidia nguvu ya mguu, peke yake. Pedali laini inayopanda ukiikanyaga mara mbili ni hewa ndani ya mfumo au viatu vya nyuma vinavyohitaji kusogezwa. Pedali inayozama taratibu mguu ukiwa juu yake, bila mafuta kuvuja popote, ni masta silinda, pampu kuu ya breki. Gari likivuta upande mmoja, mara nyingi pistoni ya kalipa (kibano cha breki) ya upande wa pili imekwamishwa na matope na kutu. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au yaliyoandikwa kwenye kifuniko, usichanganye na oili nyingine yoyote, na kazi ikishaisha jaribu breki ndani ya ua kwa mwendo wa miguu kabla ya kufungua lango.

Unapokwenda kununua

Spea za magari haya ni nyingi Kampala, hasa Kisekka na Ndeeba, na wingi huo ndio mtego. Nenda na kifaa cha zamani mkononi kikiwa kimeoshwa, pamoja na picha ya kibao cha namba ya fremu, kwa maana magari mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa na sili na beringi za vipimo tofauti kutokana na mwaka au nchi yaliyotengenezewa. Beringi, sili na mikanda nunua mpya. Starta, oltaneta, habu na nakoo zilizotumika zinakubalika ukizikagua vizuri, na mara nyingi ni bora kuliko mpya za bandia. Linganisha uzito, unene wa chuma na namba zilizochongwa, zungusha beringi karibu na sikio, na kama ni kifaa cha umeme dai kijaribiwe kwa betri palepale dukani. Andika kwenye risiti muda wa kurudisha, na usitupe cha zamani mpaka kipya kiwe kimefungwa na gari limetembea.